Ezeka Vyumba Viwili Kwanza

Siku ile mume wangu alipopanda juu ya nyumba yetu na kuanza kung'oa bati, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Harusi huwa ina watu wengi, wanaikumbuka kwa niaba yako. Lakini mlio wa msumari unaotoka kwenye bati la nyumba yako, huku umesimama chini na mtoto mgongoni, huo unaubeba mwenyewe.

Tulikuwa tunaishi hapa hapa Kishanda, Muleba, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake. Kwa wewe uliyezaliwa mjini, kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo tunakula, humo tunapata fedha, humo tunazikwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili, imeezekwa bati. Haikuwa nzuri. Ila haikuvuja, na aliyewahi kulala kwenye nyumba inayovuja anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Mume wangu aliitwa Byera. Sasa amelala pale nyuma ya migomba, apumzike kwa amani. Hakuwa mjinga, na sitaki umcheke kabla hujasikia kilichomsukuma. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulimzika baba yake. Wafiwa walikuja kutoka kila upande, na kwetu mfiwa halali kitandani, analala kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na wenzake. Nyumba yetu ikajaa hadi mlangoni. Waliokosa nafasi walijibanza chini ya upenu, na manyunyu yakawanyeshea mpaka asubuhi. Siku ya kuondoa matanga, mjomba wake mmoja, mtu wa maneno, akasimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Byera, ukipata msiba mwingine tuambie mapema, tuje na miavuli."

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, lakini mimi nilikuwa namjua. Neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki kooni: halimezeki, halitoki.

Basi kahawa ya msimu uliofuata ilipouzwa, ikawa imelipa vizuri, akaniambia tunajenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano na sebule ya kutosha wafiwa wa ukoo wote. Alipima msingi kwa kamba na vijiti, akawa anatembea ndani ya ile kamba kama mtu aliyekwisha kuhamia. Nilimwonea huruma na fahari kwa pamoja. Hesabu aliifanya, usiseme hakuifanya. Alihesabu matofali, saruji, mchanga, ujira wa fundi. Bati alisema za kuanzia tunazo, zile za nyumba ya zamani, na milango vilevile. Ndipo akapanda juu na nyundo, ili fundi azikute tayari.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi upande wa pili wa kibanja, kwenye kijumba chake cha nyasi. Nilimwita Mae, kama tunavyowaita mama zetu. Aliposikia ile nyundo akaja na panga lake la kupogolea migomba mkononi, akasimama, akatazama juu.

"Byera, unafanya nini huko?"

"Natoa bati, Mae. Zinahamia kule."

"Kule kuna kuta?"

"Zinakuja."

"Haya. Na mvua nayo inakuja. Mtakutana njiani."

"Mae, sasa ni kiangazi!"

"Kwani nimesema leo?" Akaketi kwenye gogo, akanigeukia mimi. "Aliye juu mngoje chini, mwanangu. Lete huyo mtoto nimshike."

Watu wa pwani wana methali yao niliyofundishwa na mwalimu wa kwaya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi msala siujui, wala mbachao, lakini maana nimeielewa mapema kuliko wengi. Tulihamia jikoni. Jikoni kwetu ni kibanda cha nje, cha moshi na mbuzi. Tulijiambia ni kwa muda tu. Neno "kwa muda tu" ndilo limejenga mapagale mengi unayoyaona ukitoka Muleba kwenda Bukoba, yamesimama na madirisha matupu, popo wakiingia na kutoka.

Fundi alitoka Kamachumu na vibarua wake. Alikuwa mwashi hodari, ukuta wake ulinyooka. Lakini alikuja na tumbo, mwanangu, na vibarua nao walikuja na matumbo yao. Hilo Byera hakulihesabu, kwa sababu mwanamume huona chakula kikiwa kwenye sahani tu. Asubuhi uji, mchana ndizi na maharage, jioni lazima rubisi, maana bila pombe ya ndizi kibarua wa wakati ule alikuwa anaona kama umemtukana. Nilikata mikungu iliyokomaa ikaisha. Nikakata iliyokuwa inakaribia kukomaa. Siku moja nikawapa viazi vitupu.

Fundi akatazama sahani, akaniuliza kwa upole, "Mama, leo kuna kufunga?"

"Leo kuna kujenga," nikamwambia.

"Basi na ukuta leo utakuwa mfupi."

Walicheka wote, na mimi nilicheka. Nilipokwenda nyuma ya kibanda sikucheka tena, nilikuwa naangalia migomba iliyobaki na kujiuliza sisi tutakula nini fundi akishaondoka.

Maji nayo. Saruji haikorogwi kwa mate. Kisima chetu kipo bondeni, na sisi tupo mlimani, kwa hiyo maji ya nyumba ile yalipanda kichwani kwangu, ndoo baada ya ndoo. Nilipochoka tukawalipa wasichana wa jirani. Kuni za kuchomea matofali zilinunuliwa. Mchanga ulikuwa na bei, na kuusomba kukawa na bei nyingine. Kila siku kilitokea kitu ambacho kwenye hesabu hakikuwepo, na kila kitu kilikuwa na mkono ulionyooshwa.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, fedha zikaisha. Fundi alikusanya vyombo vyake bila ugomvi, akasema mkiwa tayari mniite. Wiki ileile mawingu yakajikusanya upande wa ziwa.

Mvua ya kwetu unaijua. Haiji kukutembelea, inakuja kukaa. Nyumba ya zamani, isiyo na bati, ilinyeshewa hadi udongo ukamomonyoka, zikabaki fito zimesimama kama mbavu za ng'ombe mgonjwa. Nyumba mpya ikajaa maji kwenye msingi, vyura wakahamia kabla yetu. Na mwanangu Asimwe, kitinda mimba wa wakati ule, hata meno hajamaliza kuota, akaanza kukohoa. Kibanda kilikuwa na moshi tukiwasha moto, na baridi tukizima. Nilikuwa namweka kifuani nasikia pumzi yake inakwaruza. Tulimpeleka zahanati, mganga akatupa dawa, akauliza mtoto analala wapi. Byera akasema jikoni. Mganga akasema dawa peke yake haitatosha, huyu atolewe kwenye unyevu na moshi.

Sasa sikiliza lililofuata, maana hapo ndipo wengi wetu tunaangukia. Kuna jambo huku linaitwa butura. Unauza kahawa ikiwa bado ni maua mtini. Mnunuzi anakupa fedha kidogo leo, na msimu ukifika anakuja kuchuma mavuno yote, wewe umekaa unamtazama. Mwaka ule mibuni ilikuwa imechanua kwa mvua, kibanja cheupe chote, kinanukia. Byera, kwa kutafuta kumtoa mtoto kwenye moshi, akaja na mnunuzi wa butura ili apate fedha ya kumaliza nyumba. Sikuona kosa lake. Ningekuwa na kitu cha kuuza ningeuza kabla yake.

Mae alimwona yule mtu akishuka kwenye baiskeli. Hakuuliza. Alikuja moja kwa moja, akamchukua Asimwe mikononi mwangu, akamfunika kwa kanga yake, akaingia ndani ya lile boma lisilo na paa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Akasimama chumba cha kwanza.

"Byera! Njoo hapa. Chumba hiki cha nani?"

"Chetu, Mae."

"Na hiki?"

"Cha watoto."

"Haya. Na hiki kikubwa, na kile, na kile kule?"

"Vya wageni, Mae. Wakati wa msiba."

"Nani amekufa?"

Byera akamtupia jicho mnunuzi.

"Nimekuuliza, nani amekufa? Mimi bado nipo. Huyu anakohoa, lakini yupo. Unawajengea watu waje kulia, na wa kumlilia ndiye huyu unayemlaza na mbuzi? Uuze maua ya kahawa, mwakani utamlisha nini, matofali?"

Mnunuzi akajikohoza akasema, "Mama, mimi nataka kuwasaidia tu."

"Wewe panda baiskeli yako, waitu, njia inateleza." Alisema *waitu*, neno letu la heshima, lakini alivyolisema lilikuwa kama fimbo. Yule mtu akaondoka.

Kisha Mae akalegeza sauti. Nilimwona akimshika mwanawe mkono, mtu mzima mwenye ndevu, kama anavyoshikwa mtoto anayevushwa mto. "Mwanangu, lile neno la mjomba wako na mimi liliniuma. Aliyezikwa siku ile alikuwa mume wangu. Lakini mtu akikucheka, usimlipe kwa nyumba. Bati ulizonazo zinatosha vyumba viwili. Ezeka viwili. Hivyo vingine viache viote nyasi."

"Watanicheka, Mae."

"Wakucheke ukiwa kwenye pakavu."

Byera alijifuta mvua shingoni. Halafu akaenda kuita vijana wa ukoo. Waliinua kuta za vyumba viwili kwa matofali yaliyobaki na udongo, bila saruji, na zile bati za zamani zikapigiliwa juu, zikiwa na matundu ya misumari ya kwanza tuliyoziba kwa lami. Mae alitoa kuku wake wawili wakaliwa siku hiyo. Jioni tulitandika nyasi kavu sakafuni, tukamlaza Asimwe, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze nilisikia mvua kwa juu tu, si kwa juu na kwa chini.

Hakupona siku ile. Kikohozi kilichukua muda kumwacha, na mimi niliomba sana. Lakini alipona. Leo ni mama wa watu, ananigombeza nisibebe ndoo.

Na kweli walitucheka. Nyumba yenye msingi wa vyumba vitano na paa la viwili! Mjomba yule alipita akauliza kama vile vitatu vimejengewa kuku. Mimi ndani ya sebule nilipanda maharage, yakazaa vizuri kuliko ya shambani, maana kuta ziliyakinga na mbuzi. Nilimpelekea mjomba bakuli moja, nikamwambia haya yametoka sebuleni. Kahawa haikuuzwa ikiwa maua. Iliiva, tukaichuma wenyewe, na mwaka ule tukala. Msimu uliofuata tukaezeka chumba cha tatu. Sebule ilikuja miaka mingi baadaye, Mae bado yu hai, akakaa katikati yake kwenye mkeka akasema imekuwa kubwa mno, itamtia baridi.

Nimeyaandika haya kwa sababu Pasaka iliyopita mjukuu wangu Kemilembe alinijia. Amepanga chumba Kashai, mjini Bukoba, na amepata kiwanja Rwamishenye, huko huko, nampongeza, si haba kwa binti wa umri wake. Akanionyesha kwenye simu picha ya nyumba yenye vyumba vinne na paa la kuvunjika-vunjika, migongo juu ya migongo. "Bibi, ramani hii nimeipata bure!" Nikamwambia ramani zote ni bure, mwanangu, hata ndoto ni bure. Akaniambia ataacha kile chumba cha Kashai, yeye na watoto wake wawili wakalale kwa rafiki yake, ili ile kodi iingie kwenye msingi.

"Na rafiki akichoka nanyi?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Basi, mwanangu, na wewe unayesoma, nasema wazi ili usije ukasema bibi alizunguka. Usibomoe unapolala kabla ya kuezeka unapokwenda kulala. Kodi ya chumba unachokaa ni sehemu ya gharama ya nyumba unayojenga, iweke kwenye hesabu yako kabla ya tofali la kwanza. Hesabu matumbo ya mafundi, maji, usafiri, na choo, maana watu hujenga sebule wakasahau choo. Ukimaliza kuhesabu, ongeza kitu pembeni kwa ajili ya usilolijua, kwa kuwa lipo, linakungoja. Tazama mvua, anza wakati utakaoweza kufika kwenye paa. Usiuze kinachokulisha ili ujenge kinachokulaza. Na anza na vyumba vya watu waliopo. Wageni, misiba, marafiki wa kuja kushangaa, hao watasubiri. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, lakini mwenye vyumba viwili vikavu anaweza kuongeza cha tatu akiwa amelala usingizi.

Kama umekwisha kukosea, umesimamisha boma na fedha zimekwisha, usione aibu. Punguza. Kupunguza si kushindwa. Mume wangu alipunguza, na sikuwahi kumheshimu kama siku ile.

Mungu akupe paa kabla ya mvua, akupe fundi mwaminifu, akujalie shibe wakati wa kujenga na baada ya kujenga. Nyumba yako iwe ndogo ya kutosha kuwa yako, na watoto wako wapumue vizuri ndani yake. Amina.