Katibu Aliyekataa Kusema Mama

Jina lake la kuzaliwa wengi walishalisahau. Walimwita Katibu, hata watoto waliotumwa kufuata nguo. "Katibu, mama anauliza gauni lake limefika wapi." Naye, bila kuinua uso kwenye cherehani, hujibu, "Mwambie limefika mikononi." Alikuwa fundi wa nguo za kike, mwenye chumba cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala. Ukatibu wenyewe ulikuwa wa Umoja wa Wakaazi wa Mpakani, kazi isiyo na malipo wala shukrani, ila lawama zake ni za kumwaga.

Mji wao umekatwa na mto. Upande huu nchi moja, upande ule nchi nyingine, na katikati daraja. Zamani watu walivuka kama wanaokwenda uani kwao. Kisha wakubwa wa pande mbili wakakosana, kwa mambo ambayo mpaka leo hakuna aliyetueleza yakaeleweka, na daraja likawekewa kizuizi. Anayetaka kuvuka aende mji mkuu akaombe hati ya kusafiria, asubiri, arudi, aambiwe picha yake haionyeshi masikio. Jamani! Kwa mtu anayetaka tu kumjulia hali mgonjwa ambaye paa la nyumba yake analiona kutoka dirishani!

Paa alilokuwa akiliona Katibu lilikuwa la mama mkwe wake. Mabati yake yalikuwa mekundu upande mmoja na yenye kutu upande wa pili, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha redio, aliyatazama kwanza. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mchanga. Alipoolewa, mama mkwe ndiye aliyemfundisha kukata kitambaa bila kukiharibu, na mume alipofariki, mama mkwe alivuka daraja siku hiyohiyo, akalala naye kitanda kimoja msimu mzima wa mvua. Walilia pamoja, mmoja kwa mume, mwingine kwa mwana, mpaka wakaanza kugombania shuka na kucheka. Mtu aliyekushika namna hiyo utamsahau vipi? Katibu alimkosa mwilini, kama mtu aliyezoea kulala ukutani akahamishiwa katikati ya chumba.

Ndiyo maana aliingia Umoja. Wengine waliingia kwa ajili ya biashara zao, wengine kwa hasira. Yeye alimtaka mama mkwe wake, basi. Waliandika maombi, wakashirikiana na wenzao wa ng'ambo kwa simu, wakapeleka ujumbe kwenye baraza la Jumuiya ya nchi za ukanda huu, wakapuuzwa, wakapeleka tena. Mwisho baraza likakubali wakaazi wa mpakani wapewe kibali cha kuvuka kwenda kutembelea jamaa. Likauliza: jamaa gani hasa? Semeni wenyewe, tutaandika mtakavyosema.

Mkutano wa kujibu swali hilo ulikuwa vurugu tupu. Mmoja anataka shangazi atajwe, mwingine anamtaka binamu, mzee mmoja anadai rafiki yake aliyetahiriwa naye. Mwenyekiti, dereva mstaafu wa lori, akagonga meza mpaka glasi zikaruka. Katibu akasimama.

"Kwa nini tunajichosha? Andikeni ndugu. Nani hapa si ndugu?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Neno likaandikwa, likapelekwa, likapita kama lilivyo. Siku tangazo lilipotoka, watu walicheza barabarani, na Katibu akabebwa juujuu.

Asubuhi ya kwanza ya vibali alifika darajani kabla ya wote, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya safari hiyo, kikapu mkononi. Nyuma yake foleni ikajaa. Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mpole, mkewe mteja wa Katibu.

"Unakwenda kwa nani, Katibu?"

"Kwa mama mkwe."

Kijana akashika shavu. "Wee! Mama mkwe hayumo."

"Hayumo wapi? Imeandikwa ndugu!"

"Ndiyo. Lakini wanasheria wa baraza wamelifafanua baadaye. Ndugu ni wazazi wako, watoto wako, na mliozaliwa tumbo moja au kwa baba mmoja. Mume wako angekuwa hai, ungevuka kwa jina lake. Sasa, kisheria, wewe na yule bibi hamna kinachowaunganisha."

Katibu akaweka kikapu chini. Neno alilolileta mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, likapigiwa makofi! Nani angedhani kuna mahali duniani ambapo ndugu maana yake ni watu wachache?

Afisa akainama karibu na dirisha, akashusha sauti. "Sikiliza. Mama mkwe, neno la kwanza si mama? Sema hilo la kwanza, hilo la pili meza. Mimi nagonga muhuri. Tena, si ndivyo unavyomwita?"

Ndivyo alivyomwita. Hakuwahi kumwita vingine. Alitazama ng'ambo, bati lile jekundu likimeremeta, karibu kiasi cha kumtoa machozi. Kisha akageuka akaitazama foleni. Yumo mama aliyelea mtoto wa jirani, na mtoto sasa yuko ng'ambo. Wamo wajane kama yeye. Yumo mzee na rafiki yake wa jando. Wote wanamtazama Katibu wao atapita vipi. Na baraza lilishasema halisikilizi malalamiko ya kusikia, linamsikiliza aliyekataliwa mwenyewe.

"Haya, nakuuliza rasmi," afisa akasema kwa sauti, akimkonyeza. "Huyo bibi ni mama yako?"

"Hapana," akasema Katibu. "Ni mama mkwe wangu. Andika kwamba umenikataa."

Kijana akavuta kitabu chake. Akaandika.

Jioni alipiga simu ng'ambo akiwa na kiburi kidogo, tusifichane, kama mwanafunzi anayeleta matokeo nyumbani. Akasimulia yote.

"Alikuuliza kama mimi ni mama yako?" sauti ya mama mkwe ikauliza.

"Ndiyo, mama. Sasa nikafikiria wale wengine..."

"Ukasema hapana."

"Nilisema vile kwa ajili ya..."

"Mbele za watu."

"Mama, nisikilize..."

"Haya, Katibu."

Simu ikakatwa. Katibu! Hata yeye amwite Katibu, kama wateja! Alikaa kitandani na simu mapajani, akingoja ipigwe tena. Haikupigwa. Kesho yake akapiga yeye, akapokea jirani. Bibi amelala. Keshokutwa bibi anaoga. Bibi huyo alioga na kulala kuliko mtu yeyote wa ukanda huu.

Kilichobaki ni kufanya kazi, akaifanya kama mtu aliyechanjwa hasira. Alikusanya waliokataliwa wote. Wenzao wa ng'ambo wakakusanya wao. Kamati ya baraza ikaja kusikiliza kwenye ukumbi wa mji, na Katibu akasimama akaeleza kisa chake bila kupamba, mkono umeshika kiti cha mbele. Mwanasheria mmoja akasema, kwa adabu kabisa, kwamba neno likipanuliwa hivyo kila mtu atakuwa ndugu wa kila mtu.

"Mheshimiwa," mwenyekiti wa Umoja akajibu, "hapo umeshika ugonjwa wetu wenyewe."

Ukumbi ukacheka, na mwanasheria naye akacheka. Lakini kucheka si kusaini. Ikabidi wasubiri serikali moja, kisha ya pili, kisha ile ya kwanza tena. Katibu alishona sare za shule, akashona za harusi, na kila usiku alijisemea neno lile ambalo angelisema darajani na kulala ng'ambo siku ileile. Alijua alifanya sawa. Alijuta hivyohivyo. Hayo mawili yalikaa ndani yake bila kusalimiana.

Mwisho ufafanuzi ukabadilishwa: wakwe wamo, walezi wamo, hata kama aliyewaunganisha hayupo tena. Afisa yuleyule akamgongea muhuri wa kwanza, akampigia saluti ya mzaha. Katibu hakuiona. Alishaanza kutembea.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha varanda, amekonda, kanga imemlemea mabegani. Hakusimama. Alinyoosha mkono, akakitaka kibali, akakisogeza machoni.

"Wameandika mkwe."

"Ndiyo, ma..."

"Basi karibu sebuleni, mkwe. Mgeni hakai nje."

Akakalishwa kwenye kiti cha heshima, chenye kitambaa cha kufuma. Jirani akamletea chai kwenye kikombe cha wageni, na sahani yake na kijiko. Mama mkwe akakaa mbele yake na kuuliza habari za safari, habari za kazi, habari za majirani, kila jibu akilipokea kwa "Alhamdulillahi" ya upole mkavu. Katibu alitamani apigwe. Alitamani atukanwe, afukuzwe, chochote isipokuwa kijiko hicho. Chai ikapoa. Bibi akainuka, akaingia chumbani kwake na kurudisha pazia.

Katibu akabaki peke yake na picha ya mumewe ukutani. Akalia taratibu, akijifuta kwa mkono wa gauni. Nje mvua ikaanza kudondoka kwenye mabati, tone hapa, tone pale, kisha ikashuka yote.

Pazia likatupwa pembeni.

"Wewe mtoto wewe! Nguo zangu ziko kambani zinalowa, na umekaa tu hapo kama mgeni?"

Katibu akainuka mbio. Alikwishafika uani, anaanua nguo na kulia kwa sauti, na wala hakujali nani anamsikia.