Kipa wa Michezo Miwili

Kaka yangu alikuwa kipa. Watu wa mtaa wetu wa Mapendo walimjua kwa hilo kuliko kwa pikipiki aliyokuwa akiendesha kutwa nzima sokoni Birere akitafuta abiria. Kwa kipa alikuwa mfupi, lakini alikuwa mwepesi, na mpira aliouona mapema haukumpita.

Kisha mlima ukalipuka. Lava ilishuka katikati ya mji hadi ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mama amejitwika godoro. Tuliporudi mawe yalikuwa bado ya moto, soli za viatu zikinuka. Nyumba yetu ilikuwa imepona. Uwanja wa kaka haukupona, hata milingoti ya magoli haikuonekana.

Vijana wa timu wakasawazisha mahali pengine kwa nyundo na majembe, wakacheza hapo hapo juu ya mawe. Siku ya kwanza kaka aliruka kwa mazoea, akachanika kutoka nyonga hadi goti. Tangu hapo akajizoeza kudaka akiwa amesimama, kwa macho na mikono tu.

Miaka michache baadaye, wakati wa uasi, walikuja askari wa Kihindi kulinda amani. Jumapili walikuwa wakicheza kriketi ndani ya uzio wao. Siku moja kaka alikuwa ameegesha pikipiki nje akisubiri mteja, mpira wao ukaruka uzio na kumjia usoni. Aliudaka kwa mkono wa kushoto, akaurudisha. Jioni kiganja chake kilikuwa kimevimba.

"Ni mpira gani unaumiza hivi?" mama akamuuliza.

"Mama, ule si mpira. Ni jiwe wameshonea ngozi." Lakini alikuwa anacheka.

Wiki iliyofuata walimwita kwa kupitia mkalimani wao. Walimhitaji mtu wa kusimama nyuma ya vijiti vitatu vya kriketi, adake kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Akapewa glavu kubwa na nguo nyeupe. Ikawa Jumapili mpira wa miguu asubuhi, kriketi mchana, na pikipiki siku zilizobaki. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Halafu vita vikakaribia mji. Sebuleni kwetu walilala ndugu waliotoka Rutshuru kwa miguu, na kila mtu aliuliza wale wageni wenye silaha wanamlinda nani. Kaka akipita Birere na nguo zake nyeupe, vijana walimzuia njia.

"Weye unacheza na hao, na bandugu yetu wanakimbia vita!"

Kocha wake, muzee mmoja muuza samaki wa soko la Kituku, alikuja nyumbani na kukataa hata kukaa. "Mutoto yangu, upumuzike kwanza. Nikikuweka golini, watatupiga mawe."

Kaka akaacha michezo yote miwili. Aliamka, akaendesha pikipiki, akarudi, akala, akalala. Mama alikuwa akimtazama na kuogopa kumuuliza.

Aliyeuliza ni shangazi yetu, mmoja wa wale waliotoka Rutshuru. Alipoambiwa sababu, alijifunga kitenge, akaniambia nimsindikize Kituku. Tukamkuta kocha kati ya wanawake wakigombea sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Muzee," shangazi akasema, "ni mimi ndiye nilikimbia vita. Mimi simulaumu huyu mutoto. Wale wanaomulaumu wamekimbia kutoka wapi?"

Kocha akafuta mikono kwa kitambaa. "Mama, hao vijana hawatakusikia."

"Basi nitakuja uwanjani waniambie mimi."

Na alikuja kweli. Jumapili iliyofuata kocha alipomrudisha kaka golini watu walizomea, na shangazi alikuwa ameketi nyuma ya goli juu ya kigoda, amewageuzia uso. Kila aliyezomea alitazamwa. Baada ya muda wakachoka, wakaanza kutazama mechi. Tulifungwa, lakini kaka alirudi nyumbani akisimulia kila shuti, na usiku ule alikula sahani mbili.

Baadaye wale askari wakaondoka, na waasi walipouteka mji kaka akakimbilia Kampala. Huko aliingia klabu ya kriketi akiwa mtu wa kusomba maji, mpaka siku mdakaji wao alipovunjika kidole. Alicheza miaka mingi katika ligi ya juu ya huko, na Jumapili akawadakia wakimbizi wenzake mpira wa miguu, hadi magoti yalipokataa. Sasa anafundisha wadakaji.

Alipokuwa bado anacheza, niliwahi kumpeleka mama Kampala akamwone kwenye kriketi. Alikaa kivulini tangu asubuhi, mikono mapajani, haelewi nani anashinda. Wachezaji walipotoka kwenda kunywa chai, alinishika mkono.

"Imekwisha?"

"Bado, mama. Wanapumzika."

"Basi na sisi watuletee chai," akasema, "maana mimi siondoki hapa."