Siafu Apandishwa Mlimani

Kule wodi ya wazazi walimwita Siafu, na si kwa kuwa aliuma, ingawa wapo walioapa kwamba aliuma. Katika miaka ishirini na sita ya ukunga hakuna aliyemwona ametua mahali pamoja. Chai aliinywa wima. Hata siku ya kuagwa alipostaafu, alikata keki, akapiga picha moja, kisha akatoweka kwenda kumwangalia mama wa kitanda cha nne.

Basi mdogo wake, mshona nguo, alipomjia na tiketi mbili za safari ya siku moja, kupanda volkano na kuona maporomoko ya maji, Siafu alimkazia macho.

"Jumamosi hii? Mwanao mimba imetimia, wewe unataka twende kutazama shimo?"

"Wa kwanza huchelewa, dada. Si wewe unayesema hivyo?"

"Huwaambia watu baki."

Lakini alikwenda. Mdogo wake hakuwa mtu wa kuomba jambo mara mbili, na hili aliliomba mara tatu.

Wakaondoka alfajiri katika gari dogo, wao na wageni wengine saba. Mwongoza safari, bwana mmoja mwenye sauti ya mikwaruzo, alieleza kwamba mlima ule haukufa, umelala tu. Siafu hakusikia hata nusu. Alikuwa akiikodolea simu macho, vijiti vya mtandao vikipungua kimoja kimoja hadi vikaisha.

Njia ya kupandia ilikuwa ya majivu meusi. Ukienda hatua mbili, unarudishwa moja. Siafu aliwapita wote.

"Mama, taratibu. Mlima hauondoki," mwongozaji alimwambia.

"Mlima hauondoki, lakini kuna mtu yuko njiani anakuja."

Kileleni lile shimo lilifunguka miguuni pake, pana kama mji, na chini kabisa uzi wa mvuke ukipanda kutoka kwenye ufa. Wengine walitoa simu wakapiga picha. Siafu alilitazama kwa kitambo kifupi, akageuka na kuuliza mtandao unapatikana wapi.

Mchana wakafika kwenye maporomoko. Maji yalianguka kwa kishindo, rasharasha zikalowesha nguo zao. Siafu akapanda jiwe lenye utelezi, simu ameinyanyua juu, na mdogo wake akamshika mkono na kumteremsha.

"Mwanangu ameshikwa na uchungu tangu jana jioni," alisema. "Yuko hospitali."

"Nini?"

Kishindo kilimlazimu kurudia kwa sauti kubwa, na wageni wote wakageuka. "Yuko hospitali. Hakutaka uwepo."

Siafu alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi, na kweli alikuwa amelowa.

"Anasema wewe ukiingia mle ndani, yeye si mwanao tena, ni mgonjwa wako. Anaogopa kulia mbele yako."

Siafu hakuuliza kwa nini. Binti yule alikua akimpitia wodini baada ya shule, akifanya hesabu zake kwenye benchi la koridoni, na kutoka pale alisikia mara ngapi mama yake mkubwa akiwaambia wanawake: kulia hakusukumi mtoto. Kwa Siafu yalikuwa maneno ya kazi, kama "lala chali" au "pumua." Hakujua yalikuwa na msikilizaji mwingine.

Hasira ikapata mahali pa kutokea. "Na wewe mama yake mzazi ukamwacha, ukaja kutembea?"

"Amenituma. Uchungu ulipoanza jana alisema tusiahirishe safari, hakuna mwingine awezaye kukuweka mbali naye. Unadhani miguu yangu ilitaka kuja huku?"

Siafu akamtazama vizuri mdogo wake kwa mara ya kwanza siku ile. Midomo imemkauka. Mkate wa mchana aliufinyanga hadi ukawa donge, hakuutia kinywani. Dalili zote zile, na mkunga mzima hakuziona.

Akamfuata mwongozaji. Bado kulikuwa na poromoko la pili kwenye ratiba.

"Baba, huyu ndugu yangu mwanawe anajifungua. Tunaomba turudi."

Mwongozaji akawaangalia wageni. Mzee mmoja aliyekuja na mkewe alisema maji ni maji, ameshayaona. Hakuna aliyepinga.

Simu ya mdogo wake ililia walipofika bondeni. Siafu akaikalia mikono yake ili isimpokonye.

"Wa kike," mdogo wake alisema, simu bado sikioni.

Hospitali walifika saa ya kutazama wagonjwa. Mama mtu akaingia mbio. Siafu alibaki koridoni na viatu vyake vyenye majivu, akienda hadi dirishani na kurudi, kila mlango ukifunguka anatupa jicho.

Muuguzi aliyewahi kufundishwa naye alimshangaa. "Mama, mbona nje? Ingia tu."

"Sijaitwa."

Nusu saa nzima. Kisha mdogo wake akachungulia, akampungia mkono.

Binti alikuwa amejiegemeza kwenye mto wa kitanda, macho yamevimba, kichanga kifuani. Cheti cha maendeleo ya mgonjwa kilining'inia miguuni pa kitanda. Mkono wa Siafu ulikielekea, ukarudi.

"Mama mkubwa," alisema binti, "nililia sana. Nilimtukana na daktari."

"Ulimwambiaje?"

Binti akamtazama mama yake kwanza, kisha akaanza kusimulia.