Nondo, Toleo la Kumi na Moja

Bi Wino alikuwa ameinamia karai uani, akifua mashuka, binti yake alipoingia na begi la vifaa begani na jarida kuukuu mkononi. Binti huyo ni fundi wa majokofu. Asubuhi hiyo aliitwa kwenye nyumba moja ambako jokofu liligoma kugandisha, na alipolivuta kutoka ukutani akakuta mwenye nyumba ameliwekea majarida chini ya mguu mmoja ili lisiyumbe. Fundi akaweka kipande cha ubao mahali pa majarida, akaomba apewe lile la juu. Mwenye nyumba akamwambia achukue hata yote, yamemjazia mende tu.

"Mama, si ndiyo haya mliyokuwa mnachapa nyinyi?"

Bi Wino akajifuta mikono kwenye khanga kabla ya kulipokea. Gamba lilikuwa limebonyea pale mguu wa jokofu ulipokalia kwa miaka, na pembe moja ililiwa. Jina lakini lilisomeka bila shida: NONDO, toleo la kumi na moja. Ilikuwa miaka arobaini na miwili tangu alione mara ya mwisho.

Walioishi enzi zile wanamkumbuka Nondo. Alikuwa shujaa wa katuni, mbeba zege aliyeangukiwa na jengo akatoka kwenye kifusi na mifupa ya chuma. Mchana alibeba karai la zege kama wenzake. Yakitokea ya kutokea, alivaa kofia ya bati iliyomficha uso na kwenda kunyanyua yasiyonyanyulika. Pale kiwandani palipochapwa jarida hilo, wafanyakazi walitaniana kwamba adui wa kweli wa Nondo si majambazi, ni kutu.

Bi Wino aliingia kiwandani hapo akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kukunja karatasi. Siku moja meneja aliona maandishi aliyoandika juu ya boksi, herufi zimesimama wima kama askari gwarideni, akamtoa kwenye kukunja na kumkalisha dirishani aandike maneno ya katuni ndani ya viputo. Hapo ndipo alipopata jina la Bi Wino, maana vidole vyake havikutakata tena. Jirani na meza yake ilikuwepo meza ya mchoraji, mtu mwenye sifa mji mzima, ambaye akipita mtaani watu walimsindikiza kwa macho. Miaka minne Bi Wino alikaa hatua mbili kutoka kwenye mkono ule, akitazama kila mstari unavyozaliwa. Nyumbani alijaribu mwenyewe, nyuma ya karatasi zilizoharibika mashineni.

Kisha mchoraji akateleza ngazini, akavunjika mkono wa kulia. Toleo la kumi na moja lilitakiwa baada ya wiki tatu. Meneja alikuwa akizunguka ofisini ameshika kichwa, na Bi Wino akasimama mlangoni akamwambia atachora yeye. Walicheka wote, hata mfagiaji. Akarudi kwenye meza yake, akachora Nondo akitoka kifusini, vumbi na vyote, akaiweka karatasi mbele ya meneja. Kicheko kikaishia hapo.

Alichora kurasa ishirini na nne, na hadithi akaitunga yeye. Karakana ya kushona nguo inaporomoka. Chini ya kifusi kuna mafundi saba, na mmoja wao, mwanamke mshonaji wa umri wa kuitwa mama, ndiye anayetuliza wenzake, anayegonga bomba ili wasikike, anayemwelekeza Nondo aanzie wapi kunyanyua. Kwenye ukurasa wa kumi na saba Nondo anapochungulia tunduni, mwanamke yule anamwangalia usoni na kusema neno moja: "Siogopi."

Meneja alizipitia kurasa zote. Mwisho akasema kazi ni nzuri, nzuri sana, ila mambo mawili. Jina litakalokaa juu ya gamba ni la mchoraji, kwa sababu wasomaji hununua jina, na hakuna kijana atakayenunua shujaa aliyechorwa na msichana. Pili, hajawahi kuona mwanamke aliyefukiwa na kifusi akasema haogopi. Abadilishe, aseme "Niokoe!"

Bi Wino alijua akibisha kazi hana. Akachukua rangi nyeupe ya kufutia, akalifuta lile neno kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mkono huohuo akaandika lingine juu yake, kwa herufi zilezile nzuri.

Toleo hilo liligombaniwa, ikabidi lichapwe mara ya pili. Mchoraji alirudi na mkono ungali kwenye plasta, akapongezwa, akapokea pongezi. Alimvuta Bi Wino pembeni akamwambia jambo kama hili halisahauliki. Basi mchoraji akasahau. Bi Wino aliandika maneno ya wengine kwa miaka ishirini na saba zaidi, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akastaafu. Nakala ya toleo lile hakuwahi kuweka nyumbani.

Sasa aliketi kizingitini, akalifungua mapajani. Alitegemea roho itamuuma tangu ukurasa wa kwanza, lakini kilichomjia kwanza ni mshangao. Yule msichana alikuwa anajua. Vumbi lilikuwa vumbi, uzito ulikuwa uzito. Ukiangalia magoti ya Nondo unaona kabisa kwamba zege lile si mchezo. Ukurasa wa tisa ukamchekesha mpaka akashika mbavu. Katika haraka zake alikuwa amemchorea Nondo mikono miwili ya kushoto, vidole gumba vyote viwili vikiangalia upande mmoja, na hakuna aliyegundua, si meneja wala maelfu walionunua.

Binti alikuwa amechuchumaa nyuma yake, akisoma juu ya bega. Walipofika ukurasa wa kumi na saba akaguna.

"Huyu mama simwelewi. Ameongoza wenzake humo ndani vizuri hivi, halafu ghafla anapiga kelele kama mtoto?"

Bi Wino akamsimulia yote, jambo ambalo hata mumewe hakuwahi kulisikia. Alipomaliza, binti alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Akamwambia mama yake kwamba maktaba kuu imefungua maonyesho ya Nondo, na redioni wanatangaza kila siku kwamba wanayo michoro ya asili, ila nakala moja iliyochapwa imekosekana kabisa: toleo la kumi na moja.

"Acha nimalize haya mashuka," Bi Wino akasema. "Kesho tunakwenda."

Ukumbi wa maktaba ulikuwa mweupe, wenye madirisha marefu, na michoro, ikiwemo ya toleo la kumi na moja, imetundikwa kwenye fremu moja baada ya nyingine. Msimamizi wa maonyesho, kijana mwenye miwani na adabu nyingi, nusura amkumbatie Bi Wino alipoliona jarida. Akamketisha, akamletea maji. Lakini mama alipomwambia ni nani aliyechora kurasa zile, adabu ikabaki na furaha ikapungua. Akasema kwa upole kwamba familia ya marehemu mchoraji ndiyo iliyoazima michoro, na kwamba mtoto wa marehemu yupo hapohapo, labda wazungumze naye.

Mtoto wa marehemu alikuwa mwalimu, mtu wa makamo mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri. Alimwamkia Bi Wino kwa heshima, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema baba yake alichora kila mstari wa Nondo, na kwamba watu wengi wamejitokeza tangu afariki, kila mmoja na lake.

"Shusha ukurasa wa kumi na saba," Bi Wino akamwambia msimamizi. "Chini ya 'Niokoe' kuna neno jingine. Mulika kwa nyuma utaliona."

Msimamizi akasitasita, akamtazama mwalimu. Mwalimu akainua mabega, kama kusema haya, tumalize. Fremu ikashushwa, karatasi ikatolewa kwa mikono miwili, na binti akafungua begi lake akatoa tochi ile anayomulikia nyuma ya majokofu. Alipoiweka nyuma ya karatasi, rangi nyeupe ikawa kivuli, na ndani ya kivuli yakajitokeza maandishi. Msimamizi akavua miwani, akaivaa tena, akasoma kwa sauti ya chini: "Siogopi."

Mwalimu aliinama akatazama naye. Alikuwa mtu muungwana, hakukataa alichokiona. Akasema hiyo inathibitisha kwamba mama aliandika maneno, jambo ambalo hakuna anayelipinga. Lakini kuandika maneno si kuchora.

Msimamizi akaona mwanya wa kupatanisha. Akasema wanaweza kubadilisha kibao cha majina kando ya michoro leo hii: mchoraji, marehemu, msaidizi, mama huyu. Aliona amempa kitu kikubwa, na kwa kweli watu wengi wangeshukuru wakaondoka.

"Sikumsaidia mtu," Bi Wino akasema. "Hakuwepo wa kumsaidia."

Akasimama, akamshika mwalimu mkono kama anayemwongoza mgeni, akampeleka hadi mbele ya ukurasa wa tisa.

"Mwanangu, baba yako alikuwa fundi. Nilikaa naye miaka, sikuwahi kumwona akikosea mkono. Hebu tazama mikono ya huyu Nondo."

Mwalimu akatazama. Akainua mikono yake mwenyewe mbele ya kifua, akaigeuza, akatazama tena mchoro.

"Yote ya kushoto," akasema.

"Basi. Ukitaka kusema kosa hilo ni la baba yako, sema, nami nitaondoka. Mimi nasema ni langu."

Mtu aliyekuwa akipita na mkewe alisimama kusikiliza. Baadaye binti yake Bi Wino alisema kwamba uso wa yule mwalimu ulikuwa wa mtu anayekumbuka kitu, pengine plasta, pengine baba aliyelishwa kwa kijiko wiki kadhaa. Lakini hilo ni la kwake binti. Mwalimu mwenyewe aliaga tu, akatoka taratibu.

Msimamizi akamwomba Bi Wino amwachie jarida kwa sasa, mambo mengine yatafuatia. Bi Wino akasema hapana shida, akamwomba kalamu. Kijana akampa, akidhani anataka kuandika namba ya simu. Bi Wino akalifungua jarida ukurasa wa kwanza, akaandika majina yake matatu kutoka ukingo hadi ukingo, kwa herufi zilezile zilizosimama wima, na chini yake akaandika: *nimechora, nimetunga, nimeandika.*

"Mama, umeliharibu," kijana akasema.

"Lilikuwa limebeba jokofu. Jina langu si zito hivyo. Mkilitaka, mnaliweka wazi ukurasa huu. Hamlitaki, nalirudisha nyumbani."

Akalirudisha nyumbani.

Siku tatu zilipita. Binti alikuwa na wasiwasi, akamwuliza mama yake kama hakukaza kamba kupita kiasi. Bi Wino akamjibu kwamba mara ya kwanza alilegeza, na matokeo wameyasoma wote wawili kizingitini. Siku ya nne simu ikalia. Msimamizi alisema wamekaa kikao kirefu, mwalimu aliitwa. Hakuafiki, hakupinga, alisema tu maktaba ifanye inavyoona. Wanaliomba jarida. Binti akalipeleka kesho yake.

Alipokwenda safari ya pili, Bi Wino alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kanisani. Jarida lilikuwa tayari kwenye sanduku la kioo katikati ya ukumbi, limefunguliwa pale alipotaka. Pembeni kulikuwa na kibao kipya. Kilisema toleo hili lilichorwa, likatungwa na kuandikwa na yeye, majina yote matatu. Na mwishoni yalifuata maneno manne madogo: *kama anavyosema mwenyewe hapa*.

Binti alipoyaona damu ikamchemka. Alimgeukia msimamizi akataka yafutwe sasa hivi, kwani mama yake si shahidi wa mashaka. Kijana akaanza kueleza habari za utaratibu, na bodi, na ushahidi.

Bi Wino alikuwa bado anasoma, amekiinamia kibao, kidole kikifuata herufi moja moja. Hakupenda nafasi iliyoachwa kati ya maneno, ilibana mno. Zaidi ya hapo hakuona kosa.

"Yaache," akasema. "Si ni mimi ninayesema?"