Semolina ya Mkono Mmoja

Jumatano, tarehe 11 Machi 1959, saa sita na nusu mchana, tulihesabiwa wanafunzi mia moja sitini na wanne katika bwalo la shule yetu ya bweni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, kiranja wa meza iliyopakana na dirisha la jikoni; ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu.

Mpishi wetu tulimwita Mama Mwiko. Kila Jumatano, baada ya chakula, alitugawia semolina, yaani ngano iliyosagwa ikabaki chenga, iliyopikwa kwa maziwa na sukari. Yake haikupata kuwa na bonge. Januari, hata hivyo, maradhi yalimpoozesha mkono wa kulia, na msimamizi wa bweni akamwita mpishi mwingine. Jumatano hiyo ya Machi mgeni huyo aliketi jikoni, aproni imeshafungwa.

"Mama, nakupa leo tu, na msaidizi wako asiguse kitu," msimamizi alisema. "Nikikuta bonge moja, huyu anaanza kesho."

"Sawa, Bwana. Ila asogeze miguu, nisije nikamkoroga na yeye."

Mnong'ono ukapita mezani: atakayekuta bonge alimeze kimya. Tukaapa.

Semolina ni kazi ya mikono miwili: mmoja humimina kidogo kidogo, mwingine hukoroga bila kukoma. Maziwa yalipochemka, Mama Mwiko alilibana kopo la chenga kati ya mkono uliopooza na ubavu, akainama polepole. Chenga zikateremka nyembamba kama uzi, huku mkono wa kushoto ukizungusha mwiko. Kadiri kopo lilivyopungua, ndivyo alivyozidi kuinama. Sijaona tena mwili mzima wa mtu ukigeuka kuwa mkono.

Msimamizi akapita na kijiko. Alionja sahani saba. Ya nane, ya jirani yangu, akaimaliza.

"Bwana, hiyo ilikuwa yangu!"

"Ilikuwa na bonge?"

"Nitajuaje, Bwana? Kama lilikuwemo, umelila wewe."

Bwalo likaangua kicheko, naye akacheka. "Mama, mpe mtoto huyu nyingine. Nawe mgeni wetu, samahani kwa usumbufu."

Mgeni alifungua aproni, lakini hakuondoka mara moja. Alilitazama kopo, akamtazama mwenye kopo.

"Shikamoo, Mama," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Marahaba, mwanangu."

Jioni ile, mgeni ameshakwenda zake, waliobaki jikoni walikuwa Mama Mwiko, msaidizi wake na mchota maji: watu watatu, walewale wa siku zote.