Kiganja Juu ya Jiliwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilipewa jiliwa na gunia la matambara, nikaambiwa nilisugue mpaka ling'ae. Kama hujawahi kuingia karakana, jiliwa ni kile chuma kizito kinachofungwa kwenye meza ya kazi, chenye taya mbili. Ukizungusha mkono wake, taya zinabana kitu kisisogee. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikiwa na cheti ndani ya bahasha na kiburi nje ya bahasha. Nikaona nimedharauliwa.

Hiyo ilikuwa Isiolo, katika ghala la silaha la askari wa wanyamapori. Mkubwa wangu alikuwa Sajini wa Ghala, mtu mrefu asiyecheka, aliyekuwa akifunika mafuta ya bunduki kwa kitambaa cha mezani ili vumbi lisiingie.

"Unaona hicho ni kibanio," aliniambia. "Mimi naona ndicho fundi. Wewe na mimi tunakisaidia."

Nilimwona mtu wa ajabu. Baadaye akanionyesha maana yake. Mtutu, lile bomba risasi inapopitia, umekazwa kwa hesi, yaani nyuzi kama za skrubu, ndani ya sehemu tunayoiita mwili wa bunduki. Mwili ndio unaobeba komeo, na komeo ndilo linaloziba nyuma ya risasi. Bunduki ikishafanya kazi miaka mingi, mtutu na mwili hushikana kama ndugu wasiotaka kugawana shamba. Ukitaka kubadilisha mtutu, unaubana mtutu kwenye jiliwa, kisha unauzungusha mwili kwa spana yake maalumu. Kosa la wavivu ni kufanya kinyume: mtutu ukiteleza kwenye jiliwa, wanageuza bunduki na kubana mwili. Mwili ukipindika huoni kwa macho. Komeo linafunga, lakini halikai pale linapotakiwa, na siku ya kufyatua moto unarudi nyuma badala ya kwenda mbele.

"Na nyuma kuna nini?" Sajini aliniuliza.

Nikasema kuna kitako cha bunduki.

"Kuna shavu la mtu," akasema.

Ninyi mnaosoma, shikeni hilo shavu. Mengine yote nitakayosimulia yanalihusu.

Jiliwa la Sajini lilikuwa na taya za mbao alizozichonga mwenyewe kutokana na mataruma ya reli yaliyotupwa, zikiwa na mfereji wa duara wa kuulaza mtutu, na alizinyunyizia unga wa utomvu mkavu ili mtutu usiteleze. Kabla ya kubana chochote alikuwa na sheria isiyovunjwa: unafungua komeo, unachungulia chemba, ile nafasi ya kukaa risasi, kisha unamwita mwenzako naye achungulie. Hata kama bunduki umeletewa na Mkuu wa Kambi mwenyewe, akiapa kwamba ni tupu. Watu wanaapa sana kuhusu vitu ambavyo hawajavitazama.

Niliacha Isiolo kwa sababu ya mke wangu Rose. Alipata kazi ya uuguzi Birmingham, nami nikamfuata. Nilifagia bohari moja Sparkhill, nikapanga makreti, nikajifunza kuogopa barafu ya kwenye ngazi, na hatimaye, baada ya polisi kunichunguza mpaka nikaanza kujishuku, nikapokewa katika karakana ya bunduki za uwindaji na za shabaha. Ilikuwa nyumba nyembamba ya matofali katika mtaa wa mafundi wa zamani. Nilikuwa nikienda kwa miguu kutoka Ladywood, kofia imenifika kwenye nyusi.

Hapo mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Karakana, mzee mfupi, mwenyeji wa huko, aliyevaa tai chini ya aproni. Jiliwa lake halikuwa na mzaha: vipande viwili vinene vya chuma, vimeunganishwa kwa bolti nene, vimefungwa kupitia mezani hadi kwenye ukuta wa zege. Kati yake aliweka vikuku vya alumini vya kuukumbatia mtutu, kila unene wa mtutu na kikuku chake. Nilipomwuliza jiliwa zuri linachaguliwaje, alinihoji kama daktari. Mtutu wako umenyooka au unapungua kuelekea mbele? Kikuku kinaugusa pande zote, au kinauuma sehemu moja tu? Na utalifunga wapi?

"Meza ikicheza," alisema, "nguvu zako zinaizungusha meza. Halafu unakasirika, unatafuta bomba refu la kuongezea spana. Mkono ukishafika kwenye bomba, akili imeshatoka nje kuvuta sigara."

Lakini kilichonikaa zaidi ni desturi yao ya kiganja. Mtu yeyote akiona jambo haliendi sawa, hata kama ni mfagiaji, anaweka kiganja wazi juu ya jiliwa. Basi. Anayefanya kazi anaachia spana, anarudi nyuma, na haruhusiwi kuuliza kwa nini mpaka mikono yake iwe mitupu. Wala haruhusiwi kukasirika hapo. "Hasira zipelekwe nyumbani," Msimamizi alikuwa akisema. Nilipomwuliza kwa nini watu wasiseme tu kwa mdomo, alinitazama. Alijua Kiingereza changu kilikuwa kinanitoa jasho.

"Kiganja hakina lafudhi," akasema.

Nilikitumia mara moja juu ya mkubwa, na sijasahau. Meneja, mwenye karakana, alikuwa na mteja anayesubiri dukani, mtu mwenye koti la bei na saa anayoitazama kila mara. Mtutu uligoma. Meneja akatia bomba kwenye spana, mtutu ukateleza ndani ya kikuku ukipiga kelele mbaya. Akalegeza bolti, akageuza bunduki, akaanza kubana mwili. Niliangalia huku na huku nimtafute Msimamizi. Hakuwepo. Nilimfikiria Rose, nikafikiria kurudi kwenye makreti. Nikaweka kiganja.

Meneja alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Tulisimama hivyo, mimi mkono juu ya chuma baridi, yeye ameshika spana. Halafu akaiachia. Alitoka nje uani, akarudi, akasema asante huku ameuma meno, akaenda kumwambia mteja arudi wiki ijayo. Hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo, na niliendelea pale mpaka macho na magoti yaliponistaafisha.

Nilidhani kiganja changu nacho kimestaafu. Sikujua kwamba kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa inaningoja kwa mkwe.

Binti yangu Nekesa ameolewa na Mutua, mtoto wa Mzee Musyoka. Musyoka ni dereva wa basi katika Stratford Road, mpole, mcheshi, mwenye mabega kama mlango. Raha yake ni kulenga shabaha za karatasi katika klabu nje ya mji. Ana kibali, ana kabati la chuma ambalo polisi wamelikagua, na mtutu wake wa akiba, uliokwisha kujaribiwa rasmi na kupigwa mhuri, umeandikwa kwenye kibali hicho. Kwa hiyo hakuwa anavunja sheria alipoamua kuubadilisha mwenyewe nyumbani. Alikuwa anavunja kitu kingine tu, na hakujua.

Sasa, ninyi mliozaliwa huku mtanicheka, lakini kwetu mkwe si mtu wa kubishana naye. Nyumbani kwa mkwe unakaa ulipoonyeshwa, unakula ulichowekewa, unasifu. Mambo ya posa ya hawa watoto yalichukua vikao hadi viti vikachoka, na tangu hapo mimi na Musyoka tulikuwa tunapeana heshima kama watu waliobeba sinia la mayai. Alijua kazi niliyoifanya maisha yangu yote, lakini hakuniuliza jiliwa gani anunue. Angeniulizaje? Ingekuwa kama kumtuma mkwe kazi. Nami nilisikia kwa Nekesa kwamba amenunua moja, nikanyamaza. Ningesemaje bila kuulizwa? Heshima ilitufunga midomo pande zote mbili.

Jumamosi moja walitualika chai kwao, Balsall Heath. Mama Mutua alikuwa amepika chapati laini za kukunjika kama leso. Kabla hatujamaliza, Musyoka akanivuta mkono.

"Mkwe, kuja uone shed yangu. Nimechange barrel mwenyewe, na mikono yangu hii. Tukimaliza chai tunaenda range. Mutua ndiye atafyatua ya kwanza."

Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba. Mutua alikuwa ameshavaa koti la safari, ana furaha ya mtoto. Bunduki ilikuwa bado kwenye jiliwa. Nilitazama jiliwa kwanza, kama nilivyofundishwa. Lilikuwa jepesi, lina taya laini zisizo na kikuku, limeshikiliwa kwenye meza ya mbao nyembamba kwa vibanio vya seremala. Kando, mtutu wa zamani ulikuwa na mkwaruzo uliouzunguka kama pete. Uliteleza. Tena na tena. Kisha nikaona mbavuni mwa mwili wa bunduki alama mbili pana za taya, na chini ya meza kipande cha bomba.

"Mmepima na geji?" niliuliza. Geji ni vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi: kimoja komeo linapaswa kukikubali, kingine linapaswa kukikataa.

"Geji ya nini, mkwe? Komeo limefunga smooth. Nilisikia imelia tap!"

"Kazi nzuri, mkwe," nikasema. Ulimi wangu ulisema wenyewe, kwa adabu, na nikauchukia papo hapo. Nilimtazama Mutua. Shavu lake la kulia, lile analoliegemeza kwenye kitako cha bunduki, alikuwa amelinyoa asubuhi hiyo.

Musyoka akashika spana. "Wacha nivute ya mwisho twende."

Niliweka kiganja juu ya jiliwa.

"Mkwe, toa mkono."

Sikutoa.

"Mkwe?" Sauti yake ilibadilika. "Ni nini sasa? Kwangu? Mbele ya kijana wangu?"

"Hii haifyatuliwi leo," nikasema. "Ipelekwe ikapimwe."

"Baba Nekesa, it's solid, honestly," Mutua alisema kuitetea kuwa ni imara, macho chini, kama mtu anayetaka ardhi immeze yeye kwanza.

Musyoka aliiweka spana polepole sana. Akaniambia chai yangu inapoa, akatoka. Chai ile hatukuimalizia. Kwenye gari Rose hakunitazama mpaka tulipopita msikiti na maduka yote ya vitambaa.

"Umemwaibisha mkwe kwake," akasema.

"Ningefanyaje?"

"Sijui. Lakini umemwaibisha."

Nekesa alinipigia simu. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza kama kawaida yake: "Dad, he won't come out of the shed. What did you do?" Musyoka alikuwa amejifungia kibandani, naye anataka kujua nimefanya nini.

Mutua ndiye aliyeipeleka bunduki katika karakana yangu ya zamani, na ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni, hakukaa. Komeo lilikuwa limefunga juu ya geji linayopaswa kuikataa. Mwili ulikuwa umepindika. Walisema hautatumika tena kamwe. Mutua alisema hayo huku akijishika shavu, nadhani hakujua anajishika. Nikamshika mkono nikalia, mzee mzima. Sioni aibu kuandika hivyo.

Kutoka kwa Musyoka, kimya. Krismasi ikapita bila sahani kutoka kwao. Kanisani alinisalimia kwa kichwa. Nilikuwa nimeokoa shavu na kupoteza mkwe, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba biashara hiyo ningeifanya tena. Lakini iliniuma. Nilimpenda mtu yule.

Halafu siku moja simu ikalia. Hakuna habari ya afya wala ya mvua.

"Mkwe," akasema, "kuja unichagulie jiliwa."

Nilifika kabla Rose hajapata viatu vyake. Tulichagua pamoja: chuma kinene, bolti nene, vikuku vya mtutu wake hasa. Tukalifunga kwenye nguzo aliyoimimina zege katika sakafu ya kibanda. Karakana ilikuwa imemfungia mtutu wa zamani kwenye mwili mpya, naye alitaka kuutoa na kutia ule mpya, safari hii mimi nikimwongoza. Nekesa na Mutua walikuja kutazama. Nilijisikia kijana, bwana! Nilieleza kila kitu hadi sheria ya kiganja, nilitania, nilinyunyizia unga wa utomvu kama Sajini, nikalaza mtutu, nikakaza bolti moja baada ya nyingine. Nikashika spana.

Kiganja kipana cha dereva wa basi kikatua juu ya jiliwa.

Damu ilinipanda masikioni. Mimi? Niliyezishika bunduki kabla huyu hajashika usukani? Lakini mikono ilijua sheria kuliko mimi. Niliachia spana, nikarudi nyuma. Musyoka alisubiri mpaka viganja vyangu vyote viwili vilipokuwa vitupu.

"Chemba, mkwe," alisema kwa upole. "Hatujachungulia."

Komeo lilikuwa bado limefungwa ndani ya bunduki. Mtutu, nilipoufuata kwa macho kutoka kwenye jiliwa kwenda mbele, ulikuwa umeelekea tumbo la Mutua.

Mutua alisogea pembeni bila kuambiwa. Musyoka akafungua komeo, akamulika kwa tochi, akachungulia. Kisha akanipisha, nami nikachungulia.

Ilikuwa tupu. Hasira nilizipeleka nyumbani. Nilipofika nazo, hazikuwepo.