Zamu ya Tangi la Kavindu

Kavindu wa Kithimani alichongwa meno kwa patasi akiwa msichana, enzi ambazo msichana wa Kikamba mwenye meno butu hakutazamwa mara mbili. Baba yake alimlipa fundi beberu na kibuyu cha asali. Sasa ni bibi kizee mwenye ulimi mkali kuliko hayo meno, na bado anayaringia.

Mjukuu wake Ngina meno yake yalipandana, akawa anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Kavindu akampeleka kwa daktari Machakos mjini. Daktari akawaonyesha nyaya: zinagandishwa kwenye meno, zinayavuta polepole mpaka yakae sawa.

"Bila patasi?"

"Bila patasi, nyanya."

Woi! Waya mwembamba hivyo uvute jino lililoota mfupani! Kavindu alistaajabu hata akasahau kuketi. Kisha wakatajiwa bei, ng'ombe wawili wa maziwa. Abdihakim, mfanyabiashara wa mifugo aliyewatangulia kwenye foleni, alimlipia bintiye papo hapo kwa simu, kama anayenunua mkate. Ngina akafunika mdomo, wakarudi nyumbani.

Mwezi huo zamu ya mwethya, kikundi cha akina mama wanaochangiana, ilimwangukia Kavindu. Wenzake wote walikwisha kupata matangi ya maji. Yeye akasema, "Langu liwekeni mdomoni mwa Ngina."

"Susu, bibi yetu, umelewa?" Mwikali, mwenyekiti, akamaka. "Utateka maji mferejini mpaka lini na mgongo huo?"

Kavindu akaachama, wakayaona meno yote yaliyochongwa. "Beberu aliyelipia haya alitoka mwaka wa njaa. Mama alilala njaa, na hakuna aliyemwambia ni upuuzi. Mimi nimecheka maisha yangu yote. Huyu acheke lini?"

Mchango wa tangi ukawa malipo ya kwanza, na daktari akakubali mengine yaje kidogo kidogo.

Nyaya zilipofungwa, mwethya mzima ulikuja kuchungulia. Ngina akajifunika.

Kesho yake bibi na mjukuu walishuka mferejini, Ngina akabeba mtungi kwa ukanda wa kichwa. Wakipanda, Kavindu akateleza, akakaa kitako matopeni, akautukana mfereji na waliouchimba. Ngina akautua mtungi. Mikono yake ilikuwa mitupu, na alicheka mdomo wazi, nyaya zikimetameta juani, bila kiganja kupanda mdomoni.

Kavindu akamtazama tu, akasahau kuinuka.